Ukuta Wenye Jina Moja

Jumatano asubuhi Maeng Bok-rye aliweka kiganja kwenye ukuta wa kaskazini, akakuta ungali mbichi.

Aliutoa mkono akautazama. Rangi nyeupe, nzito kama uji wa mchele, ilikuwa imeshika kwenye vidole vyake vitatu. Hilo hakulielewa. Ukuta huo aliupaka mwenyewe Jumatatu, mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, kutoka chini mpaka juu, na ingawa Oktoba ilikuwa inakwisha na asubuhi zilikuwa na baridi ya kuumiza meno, muda uliopita ulitosha kuukausha. Kuta tatu za wenzake zilikuwa zimekauka. Aligonga mmoja kwa kucha, ukalia ko, ko, kama ganda la yai lililochemshwa.

Akarudi kwenye ukuta wake. Rola yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake, inadondosha maji. Nani ameosha rola saa moja asubuhi? Hakukuwa na wa kumjibu, maana wenzake walikuwa bado mlangoni wanabadilisha viatu.

Ghala lilikuwa la chama cha wakulima wa matufaha wa bonde la Dolmeori. Ndani ya kuta zake za bati mafundi walikuwa wamepuliza povu la manjano, lile linalovimba na kuwa gumu, unene wa shibiri moja, ili baridi isitoroke na matufaha yalale salama mpaka theluji iyeyuke. Kwa baridi povu hilo ni zuri sana. Kwa moto ni baya kuliko majani makavu: cheche moja ikiliingia, moshi wake humwangusha mtu kabla hajaufikia mlango. Ndiyo maana Bok-rye na wenzake walikuja na ndoo zao. Rangi waliyopaka ungeiona ungesema ni chokaa tu, lakini ikipata joto kali huumuka kama unga wenye hamira, ikawa gamba nene jeusi, na moto ukabaki nje ya gamba. Mikono miwili ilitakiwa, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Usipunguze, usizidishe.

Bok-rye alikuwa na miaka sabini na moja, na kazi hiyo aliifanya mwaka wa tisa sasa. Aliianza baada ya ghala la bonde la jirani kuungua, siku mwanawe Gi-tak alipotambaa nje na sikio lake la kushoto limesinyaa, na mwenzake wa kuchomelea vyuma akabaki ndani. Gi-tak hakuacha kuchomelea vyuma, na mama yake hakumwomba aache. Aliomba tu apewe rola. Na Jumamosi hii Gi-tak angekuja hapa hapa kufunga vyuma vya kubebea feni za baridi, na upande aliopangiwa ulikuwa huu wa kaskazini.

Karibu na mlango wa kila ukuta palibandikwa karatasi. Jina la mpakaji, tarehe ya mkono wa kwanza, tarehe ya mkono wa pili. Yake ilisema: Maeng Bok-rye, Oktoba 20. Mstari wa pili ulikuwa mtupu.

Saa tatu walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa kunywa kahawa ya pakiti. Walikuwa wanawake wanne. Mama Dal-ho, mnene, mwenye sauti ya kusikika shambani. Mama Eun-sol, mwembamba, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia. Na Tuyet, aliyetoka Vietnam miaka kumi na miwili iliyopita kuolewa na mkulima wa matufaha, na ambaye hata leo lugha ya bonde aliisema kwa mahadhi ya kwao. Tuyet alimchania Bok-rye pakiti, kwa kuwa alijua vidole vyake vinauma asubuhi, akakoroga kahawa kwa pakiti ile ile na kumpa kwa mikono miwili. Bok-rye akaikunja pakiti tupu akaitia mfukoni mwa aproni, kama ilivyokuwa kawaida yake, maana hakupenda kuacha takataka mahali pa kazi.

"Jana ukungu uliingia humu?" aliuliza.

"Ukungu?" Mama Dal-ho alisema. "Utapitia wapi, dada, na mlango tumeubana kama mfuko wa bahili?"

"Ukuta wangu haujakauka."

Mama Dal-ho akakoholea ndani ya kikombe. Mama Eun-sol akageuka kutazama ngazi kana kwamba ngazi imemwita. Tuyet akainuka kwenda kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa.

"Ni kaskazini huko," Mama Eun-sol akasema mwishowe, bado anaitazama ngazi. "Jua halifiki. Upe muda."

"Nilipaka mara moja tu."

"Kwani nani kasema umepaka mara mbili?" Mama Dal-ho akadakia.

"Sijasema kuna mtu kasema."

"Haya basi. Kunywa, inapoa. Goti linasemaje? Ile sindano ya jana imesaidia?"

"Imesaidia," Bok-rye alijibu, naye akafurahi kuulizwa. Jana, Jumanne, alikwenda zahanati adhuhuri, na aliporudi saa nane alikuta wamemwekea chakula chake, wali umefunikwa kwa sahani na kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, pembeni, na mtu ameweka kitambaa juu ya sahani ili isipoe. Hakuuliza ni nani. Katika kundi lile mambo hayo hayakuulizwa.

Msimamizi wao, Bwana Noh, akaingia akiwa na daftari na uso wa mtu aliyepotelewa na kuku.

"Kina mama," alisema, "nataka kuuliza kwa heshima. Rangi mnaipaka kwenye mkate?"

"Kuna mkate?" Mama Eun-sol akauliza.

"Nilileta ndoo za kutosha mikono miwili kwa kuta zote nne. Leo ni Jumatano, mkono wa pili hamjaanza, na nyuma kule zimebaki ndoo za ukuta mmoja tu. Mmoja. Nimehesabu mara tatu. Mara ya tatu nilivua miwani nikaipangusa."

Bwana Noh akamtazama kila mmoja, akaishia kwa Bok-rye, si kwa kumshuku, ila kwa sababu yeye ndiye mkubwa wao na mkubwa ndiye huulizwa. Bok-rye akahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye ndoo aliyoikalia.

"Labda nimepaka nene," akasema.

"Wewe, Bi Mkubwa? Wewe unayepaka kwa kipimo kama mtu anayekata nguo ya bibi arusi?" Bwana Noh akakuna kichwa kwa kalamu. "Sawa. Nitaagiza nyingine. Lakini sielewi."

Bok-rye naye hakuelewa, na kwake kutoelewa kulikuwa na sura aliyoifahamu. Mama yake, katika vuli yake ya mwisho yenye akili timamu, alitia chumvi kabichi za kimchi, akaenda kukoka moto, akarudi akazitia chumvi, akaenda kumwita jirani, akarudi akazitia tena. Mwezi mzima familia ilikula kimchi iliyochoma ulimi, na kila mtu akaisifu, na hakuna aliyesema neno mpaka siku mama alipoionja mwenyewe na kuweka vijiti vyake vya kulia chini. Ndivyo inavyoanza, Bok-rye alijua. Si kwa kusahau kufanya. Ni kwa kufanya tena.

Alipanda jukwaa lenye magurudumu, na pale juu, asipoonekana, akajipa mtihani ule wa kumbukumbu ambao wazee hupewa zahanati. Mia utoe saba, kisha utoe saba tena. Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili.

"Dada, leo umeleta viazi vitamu au nikuletee vyangu?" Mama Eun-sol akaita kutoka chini.

"Ninavyo," Bok-rye akajibu, na alipogeuka kuzirudia hesabu zake, hakukumbuka ameishia wapi. Alikaa pale na rola mapajani. Mtu yeyote angepotea akiitwa hivyo, alijiambia. Mtu yeyote. Akaanza upya kutoka mia.

Siku hiyo ilipita hivyo hivyo, vipande vipande. Alisaidia kuziba nyufa za korido. Alasiri ukuta ulikuwa mkavu juu juu alipougusa. Alikunywa kahawa nyingine, akiwa amesimama. Saa kumi na moja Gi-tak alikuja kumchukua kwa gari lake la mitungi ya gesi, akamkuta mama yake akiwa amesimama mbele ya karatasi yenye jina lake, kalamu mkononi, haandiki.

Ndani ya gari alimwekea koti lake magotini bila kusema kitu.

"Umenyamaza, Mama."

"Mia ukitoa saba ni ngapi?"

"Tisini na tatu. Kuna nini?"

"Hakuna. Nilitaka kujua kama ada yako ya shule ilikwenda bure."

Gi-tak akacheka. Alipocheka sikio lake la kushoto halikusogea, na Bok-rye alilitazama sikio hilo njia nzima.

"Jumamosi utawasha saa ngapi?"

"Asubuhi, mkishamaliza. Bwana Noh anasema mtamaliza."

"Tukimaliza," akasema.

Alhamisi ukuta wa kaskazini ulikuwa umepasuka.

Haukuwa mpasuko mmoja. Ulikuwa umepasuka wote, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, kama shamba la mpunga lililonyimwa maji, vipande vya ukubwa wa kiganja vimejikunja pembeni, na katikati ya vipande unaona povu la manjano likichungulia. Bok-rye alisimama chini yake na kikapu chake cha chakula mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Rangi ile ikirundikwa juu ya rangi isiyokauka, juu hukaza na chini hubaki laini, na juu hujivuta mpaka ipasuke. Na moto hauna haja ya mlango. Ufa wa upana wa uzi unautosha.

Bwana Noh alikuja, akatazama, akavua kofia. Kisha akachukua kisu, akakata kipande kidogo cha ukubwa wa kifungo, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Wanawake wakamzunguka. Kipande kilikuwa kinene kuliko inavyotakiwa, mara mbili na zaidi, na pembeni yake ulionekana mstari juu ya mstari, mwembamba wa kijivu, pale vumbi la ghala lilipotua kati ya mkono na mkono.

Alihesabu kwa ncha ya kisu. Akahesabu tena.

"Mitano," akasema. "Bi Mkubwa, hapa pamepakwa mikono mitano."

Bok-rye aliweka kikapu chini. Ajabu ni kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilifanana na kupumzika. Tangu jana alikuwa haelewi, na sasa alielewa. Alifungua mkanda wa aproni yake nyuma, taratibu, kwa vidole vilivyokuwa vinauma.

"Ni mimi," alisema. "Nilipaka nikasahau, nikapaka nikasahau. Ndizo ndoo zako hizo, Bwana Noh. Nisamehe."

"Ngoja kwanza, Bi Mkubwa."

"Hakuna cha kungoja. Mama yangu alitia chumvi kabichi zile zile mara tatu, na wote tukala tukasema ni tamu. Sitaki mle rangi yangu mkisema ni tamu." Aliikunja aproni. "Toa jina langu pale. Jumamosi mwanangu anawasha moto mbele ya ukuta huu. Mtu asiyejua alichokifanya hana ruhusa ya kuandika jina lake hapo."

Nje trekta lilipita na matufaha, likaenda, likanyamaza.

"Bibi," Tuyet akasema. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mmoja ni wangu."

"Mmoja upi?"

"Mkono mmoja. Jumanne asubuhi, kabla hamjafika. Nilikuona Jumatatu unashuka jukwaani ukishikilia goti, nikaona Jumatano utapanda tena. Nikasema nikupunguzie. Ulikuwa umeanza kukauka. Nilidhani umekauka."

"Jumanne asubuhi?" Mama Dal-ho akamgeukia. "Wewe ndiye uliyepaka Jumanne asubuhi?"

"Ndiyo, dada."

"Kumbe. Mimi nilipaka Jumanne mchana, dada alipokwenda zahanati. Nikaukuta una majimaji, nikasema ni baridi tu. Mwanamke mzima nimepaka juu ya uji."

"Nyinyi wawili hamna akili," Mama Eun-sol akasema, na watu wote wakamtazama, kwa sababu sauti yake haikuwa ya kawaida. Akatazama viatu vyake. "Mimi nimepaka jana alfajiri, rola yake nikaiosha. Niliona karatasi, mkono wa pili haujaandikwa. Nikajua goti litamshinda na hatataka kusema. Kulikuwa na giza bado, taa ya simu inaonyesha nini? Sikuona kama umepakwa."

Bwana Noh aliwatazama mmoja mmoja, kisu mkononi.

"Na hakuna kati yenu aliyeandika," alisema. "Nimebandika karatasi kubwa kama shuka. Mnajua kusoma. Kwa nini hamkuandika?"

"Niandike jina langu kwenye ukuta wa dada yangu?" Mama Eun-sol akainua uso, ule mdomo wake umerudi. "Ili kila anayepita asome kwamba ameshindwa? Wewe, Bwana Noh, mama yako akishindwa kufunga kifungo, unamfunga au unabandika tangazo?"

"Angalau mngeambiana."

"Ningemwambia huyu," Mama Dal-ho akasema, akimwonyesha Mama Eun-sol kwa kidevu, "kijiji kizima kingejua kabla supu haijachemka."

"Na mimi ningekwambia wewe, ng'ambo ya mlima wangesikia bila simu."

Tuyet akaanza kucheka, akaziba mdomo, machozi yakawa yanamtoka. Bok-rye aliwatazama wote watatu. Alikuwa ameikumbatia aproni yake kama mtu aliyebeba mtoto. Kumbe hakuwa yeye. Kumbe walikuwa wanampenda tu, kila mmoja kwa siri, kila mmoja juu ya mwenzake, mpaka ukuta ukashindwa kubeba.

Lakini Bwana Noh alikuwa mtu wa hesabu. Alikuwa anakigeuza kile kipande kwenye mwanga.

"Jumatatu, Bi Mkubwa. Mmoja. Jumanne asubuhi, Tuyet. Mchana, Mama Dal-ho. Jana alfajiri, Mama Eun-sol. Hiyo ni minne." Akagusa mstari wa mwisho kwa kucha. "Hapa kuna mitano."

Kicheko cha Tuyet kikakatika.

"Basi nilipaka mara mbili," Mama Dal-ho akasema.

"Umesema Jumanne mchana."

"Na jana alasiri. Nilisahau kusema. Mimi huyo. Nilipita nikaona kama pana mabaka, nikaongeza."

Alilisema kwa ile sauti yake ya kusikika shambani, akamtazama Bwana Noh machoni bila kupepesa. Na Bok-rye akajua kuwa ni uongo, kwa sababu jana alasiri Mama Dal-ho alikuwa korido, amelala chali chini ya bomba, anaziba nyufa na kuwatukana waliolijenga, na ghala zima lilimsikia. Mama Eun-sol alijua. Tuyet alijua. Bwana Noh mwenyewe, pengine, alijua, maana alifunga kisu chake na kusema, "Haya. Mitano, basi," kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe aliyelala.

Uongo ulikuwa mzuri. Ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa, kama ile sahani ya wali. Bok-rye angeweza kuupokea kwa mikono miwili, akavaa aproni, na asubuhi ikaendelea.

Kitu fulani kilikuwa kinamchoma mkononi ndani ya aproni iliyokunjwa. Alitia vidole mfukoni akatoa pakiti za kahawa za jana, mbili. Moja ilikuwa tupu, haina kitu. Ya pili ilikuwa imekunjuliwa ikageuzwa upande wa ndani unaong'aa, na kwa kalamu ya risasi, kwa herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, palikuwa pameandikwa: 22. Kaskazini. Mkono wa pili. Usisahau kunakili.

Aliisoma. Akaisoma tena. Alitafuta kichwani mwake ile alasiri, rola, jukwaa, mkono ukipanda na kushuka, na akakuta tu kahawa aliyoinywa akiwa amesimama, kisha Gi-tak mlangoni. Katikati palikuwa peupe kama ukuta.

Hakuna aliyemwona akisoma, au wote walimwona. Angeweza kuirudisha mfukoni.

Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya Mama Dal-ho, akainyoosha kwa kiganja.

"Wa tano ni wangu," alisema. "Asante, mdogo wangu. Lakini ni wangu."

Mama Dal-ho aliisoma. Midomo yake ilisogea akisoma. Akachukua mkono wa Bok-rye, ule wenye rangi kwenye kucha, akausugua kwa mikono yake yote miwili kana kwamba ni baridi tu iliyouingia.

"Jumatatu nitakwenda zahanati," Bok-rye alisema. "Si kwa goti."

"Nitakupeleka," Tuyet akasema. "Na mimi nitajibu maswali yao. Mia toa saba siwezi hata kwa lugha yetu."

"Hao hawakuulizi wewe, binti."

"Basi nitakaa nje na kahawa."

Bwana Noh aliugeukia ukuta uliopasuka. Alikuwa na wakulima wa kuwaeleza, na matufaha ya kufunikwa mablanketi chini ya kibanda mpaka ghala liwe tayari, na fundi wa kuchomelea wa kumwambia asije Jumamosi. Lakini alipofungua mdomo alisema, "Huu unakwanguliwa wote. Mpaka kwenye povu. Na mimi nataka mtu mmoja wa kuniambia unaendaje, anayejua ukuta huu."

"Unajua kwamba sikumbuki jana," Bok-rye akasema.

"Najua. Lakini umeniambia. Watatu wengine hapa hawakunambia kitu."

Bok-rye alifikiri. Kisha akaifungua aproni, akaivaa, na Mama Eun-sol akaja nyuma yake kumfunga mkanda kabla hajaomba.

"Kwanza karatasi," Bok-rye akasema. "Chora mistari mingine. Kila ukuta majina mawili. Aliyepaka, na aliyemwona akipaka. Atakayemsaidia mwenzake bila kuandika, nitamla nyama."

"Hata kama ni kwa heshima?" Tuyet aliuliza.

"Hasa kama ni kwa heshima."

Walikwangua Alhamisi hiyo na Ijumaa nzima. Ilikuwa kazi mbaya. Rangi ilibanduka na vipande vya povu, na mashimo ikabidi yazibwe. Wakulima walikuja kulalamika mlangoni, wakaona wanawake wanne wamekuwa weupe mpaka kwenye kope, wakarudi na kikapu cha matufaha yaliyochubuka, ambayo hata hivyo hayangehifadhiwa. Jumamosi wakapaka mkono wa kwanza. Jumatatu Bok-rye alikwenda zahanati na Tuyet, na aliporudi hakusema sana, ila kwamba daktari alikuwa kijana mpole, kwamba amepewa dawa na tarehe nyingine, na kwamba alifika mpaka sabini na mbili. Jumanne wakapaka wa pili.

Alhamisi Gi-tak alikuja na mitungi yake. Kabla ya kufungua chochote, alikata kipande kimoja cha povu lililopakwa, kile walichokipaka pembeni kwa ajili hiyo, akakiweka nje juu ya tofali akakipiga moto. Rangi ikakunjamana, ikawa ya kahawia, halafu ikaumuka yote kwa pamoja, nyeusi, laini, nene. Alihesabu mpaka mia. Alipolivunja gamba kwa bisibisi, povu lilikuwa bado la manjano ndani, na Bok-rye aliliweka kwenye kiganja. Lilikuwa na uvuguvugu kama yai lililotoka kwenye kiota.

Gi-tak akapanda jukwaa mbele ya ukuta wa kaskazini, akashusha kinyago, akakiinua tena.

"Mama, niwashe?"

Bok-rye alijaribu kukumbuka. Jumamosi aliikumbuka, mwanga uliokuwa unaingia mlangoni, kelele za Mama Dal-ho. Jumanne aliikumbuka nusu. Alitembea mpaka kwenye karatasi, akaweka kidole chini ya maandishi, akasoma polepole kama anavyosoma siku zote. Oktoba 25, Maeng Bok-rye. Ameona: Mama Eun-sol. Oktoba 28, Maeng Bok-rye. Ameona: Tuyet, na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu ambaye hakuombwa, na Mama Dal-ho pia ameona.

Aligeuka. Wote watatu walikuwa wamesimama mlangoni na ndoo ya maji kila mmoja, wanajifanya wanapumzika.

"Washa," akasema.